Makubadhi ya Bamkubwa na Dari ya Ukumbi

Haya yaliyonipata siku ile sijapata kumhadithia mtu kwa hiari yangu, na nyie mnaoyajua mmeyasikia kwa wanawake wa Ngamiani, ambao kila mmoja ana namna yake ya kuyatia chumvi, kwa hiyo afadhali leo niyaseme mwenyewe, maana mwenye kuaibika ni mimi (na Maalim, bamkubwa wangu, Mungu amrehemu, ila yeye aibu ilimfuata kwa sababu yangu), na kama mtacheka, chekeni, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Tanga imechangamka kwa mkonge na meli zinapishana bandarini, mimi kijana wa miaka ishirini na miwili, nafanya kazi kwa Mhindi mmoja mwenye studio ya picha. Kazi yangu ilikuwa nyuso. Asubuhi nyuso, jioni nyuso, huyu anataka aonekane mnene, yule anataka kovu lisionekane, na mimi kutwa kusema inua kidevu, usicheke, usitikisike, mpaka nikaziota nyuso za watu nisiowajua.

Basi siku moja akaingia Mgoa mmoja, Pinto, karani wa meli, amekuja kununua vioo vya kamera (wakati ule picha kubwa tulipigia vioo, siyo filamu), na kwapani ana albamu nene. Akaiweka mezani, akaifungua, nami nikapigwa na butwaa. Zilikuwa picha za kumbi za muziki tu, za kila bandari aliyoshuka: Bombei, Kairo, Lisboni, Marsei, na miji mingine ambayo hata jina sikuwahi kulisikia. Kumbi zenye roshani zimepandana ghorofa juu ya ghorofa, nguzo zimechongwa majani, taa za vioo zinaning'inia kubwa kuliko chumba nilicholala, na ndani hamna mtu hata mmoja, viti vitupu vimejipanga vinasubiri, na kila kitu kinaonekana, kuanzia mbao za sakafuni mpaka ua la mwisho darini. Sikujua kama binadamu walijenga vitu vile kwa ajili ya kusikiliza tu. Nilifunua ukurasa baada ya ukurasa nimesahau kwamba nyuma yangu mteja ameinua kidevu kama nilivyomwamuru, na maskini bado amekiinua.

Pinto akanieleza kwa Kiswahili chake cha bandarini kwamba siri ni kukibana kitundu cha lenzi kiwe kidogo kabisa, halafu uiache wazi muda mrefu, dakika tatu, nne, hapo kila kitu kitatoka wazi, cha karibu na cha mbali. Kisha akauliza kama Tanga pana ukumbi wa muziki. Nikamwambia upo, na dari yake haimo humu kwenye albamu. Akacheka. Akasema meli yake inaondoka jioni ile, itarudi baada ya mwezi, nikimpigia picha nzuri ataibandika pamoja na hizo nyingine.

Hapa lazima niwaambie habari ya dari yenyewe. Ukumbi ulikuwa wa chama cha taarabu cha akina mama, Ngamiani, na ukiutazama kwa nje ni bati na chokaa kama nyumba yoyote. Lakini dari ya ndani aliichonga baba yangu, fundi Athumani, kwa mbao za mninga, nyota tupu, zaidi ya mia moja, hakuna inayofanana na mwenzake. Aliziunganisha kwa mpango wake mwenyewe hata mwimbaji akiimba polepole kule jukwaani, aliyesimama mlango wa mwisho anasikia pumzi. Miaka miwili alikuwa juu ya ngazi. Kaka yake, Maalim Shabani, mwalimu wa chuo cha Kurani, alimkataza, akasema umri na mninga vinapotelea kwenye upuuzi, na baba hakusikia, basi wakaacha kusemezana. Homa ikamchukua baba kazi iko ukingoni, na hawajapatana. Maalim ndiye aliyenichukua akanilea, akanilisha, akanifunza, lakini ukumbini hakuwahi kutia mguu, na kila Ijumaa baada ya sala aliusema ule ukumbi, wanawake wake, ngoma zake, mpaka dari yake. Picha ya baba hatukuwa nayo hata moja. Kilichobaki kwake duniani kilikuwa ile dari, na mimi nilitaka ikae katika albamu ile, baina ya Kairo na Lisboni, izunguke dunia.

Mwenyekiti wa chama, Bi. Rukia, mwanamke wa maneno machache na sauti ya kuamrisha, alikubali kwa sharti moja: wanachama wote wawemo pichani, na sare mpya. Mimi watu sikuwataka (nimeshawaambia habari ya nyuso), lakini ningesema nini? Tukapatana Jumamosi baada ya adhuhuri, jua likiwa linaingilia madirisha ya juu. Kwa Maalim nikasema nakwenda Raskazone kupiga picha ya Mzungu.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Jumamosi ile nikajitazama miguuni, viatu vyangu vimepasuka, na pale mlangoni yamelala makubadhi ya Maalim, yale ya sikukuu, ngozi imepigwa mafuta inang'aa. Nikasema moyoni, saa mbili tu, nitayarudisha kabla hajaamka usingizi wa mchana. Nikayavaa, yakanikaa kama niliyapimiwa, nikatoka kwa maringo.

Ukumbini nikakuta wanawake arobaini, kanga mpya, shingo zimenyooka, na wapigaji udi, fidla na kodiani wako jukwaani wamekaa kama wanaomsubiri gavana. Nikasimamisha kamera ya miguu mitatu karibu na mlango, nikabana kitundu, nikapachika kioo (nilikuwa na kimoja tu, tajiri wangu hakunipa cha pili), nikawaambia: dakika nne, asitikisike mtu, hata akitembelewa na nzi. Nikaondoa kifuniko cha lenzi. Wallahi wale wanawake walitulia. Nusu dakika ilipita hata kope sikuiona ikipepesa, nikaanza kuona picha yangu imekwisha kuwa.

Ndipo nikasikia nje, kwenye saruji ya barazani, ko, ko, ko. Mitalawanda, vile viatu vya mti vya kuendea bafuni. Na ule ukumbi, kwa jinsi baba alivyoutengeneza, ukazichukua zile ko, ko, ko ukazigawa kila pembe.

Nilimjua kwa mwendo kabla sijamwona. (Kumbe alikuwa ameitwa kufungisha nikaha alasiri ile, akaamka mapema, hakuyaona makubadhi yake, akauliza njiani, na jirani mwenye kiherehere akamwambia yamepita hapa sasa hivi, yamevaliwa na Salehe wako, yanaelekea kwenye taarabu.) Akasimama mlangoni na kanzu yake na joho la harusi, chini mitalawanda, akatoa salamu.

"Assalaam alaykum."

Niambieni nyinyi, wanawake arobaini wa Kiswahili, waliolelewa, wanaingiliwa na Maalim na salamu mdomoni, watakaa kimya kwa sababu ya picha? Waliitikia wote, wakainuka wote, huyu anajitanda kanga, yule anajificha nyuma ya mwenzake, viti vinakwaruza, shikamoo Maalim, shikamoo Maalim, na yeye marahaba, marahaba, anapita katikati yao kuelekea kati ya ukumbi.

Hapo mtu mwenye akili angepiga hatua moja akarudisha kifuniko kwenye lenzi. Lakini hatua hiyo ingenitokeza mbele ya Maalim, na mimi kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka, basi badala ya kufunika lenzi nikajifunika mwenyewe. Nikaingiza kichwa ndani ya kile kitambaa cheusi cha kamera nikajitia hamnazo. Mtu mzima nimeinama, kichwa gizani, makalio nje, na chini kabisa, miguuni, makubadhi ya Maalim yanang'aa.

Nikamsikia anaanza, "Namtafuta..." Halafu akanyamaza. Nikasubiri amalizie. Hakumalizia. Wanawake wakanong'ona, wakahama hama, wengine wakatafuta kuta. Mwisho nikachungulia pembeni ya kitambaa.

Maalim alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, ameinua uso, mdomo wazi, anatazama juu. Jua lilikuwa limefika pale lilipokuwa likifika saa ile, linapiga zile nyota ubavuni, kila moja imetupa kivuli chake, na dari nzima ikaonekana inapanda juu, inapanda, kama haina kikomo. Mimi nilikuwa nimeiona tangu utoto na bado mwili ulinisisimka. Nikasahau kumwogopa. Tukawa tunaitazama wote wawili, yeye pale, mimi ndani ya kitambaa, sijui muda gani, na hakutikisika hata kidole.

Kisha akashusha kichwa, wala hakugeuka kutafuta. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo ukumbi uliifikisha kwa kila mtu, "Salehe, vua."

Nikatoka kitambaani. Nikafunika lenzi, nikavua makubadhi, nikayashika kwa mikono miwili nikampelekea peku peku, mbele ya wanawake arobaini na wapiga kodiani. Akayavaa, akaniachia mitalawanda yake, akaondoka zake. Nami nikarudi studio na kamera begani, ko, ko, ko, Ngamiani nzima, na nyuma yangu vicheko vinanisindikiza.

Mngedhani aibu iliishia hapo. Usiku nikiwa katika chumba cha giza nikaiona picha inatoka majini. Kwanza ilikuja dari, nyota kwa nyota, hata mikwaruzo ya patasi ya baba inaonekana, nikalia peke yangu, siwafichi. Kisha ikaja sakafu. Viti vitupu. Wale wanawake, kwa vile walihama hama, kamera haikuwashika, walibaki ukungu tu, kama mvuke wa chungu. Mtu mmoja peke yake ndiye aliyetoka wazi kabisa, kanzu, joho, ndevu, mdomo wazi, mitalawanda: Maalim Shabani, katikati ya ukumbi wa taarabu.

Nilipaswa kumwendea Bi. Rukia kesho yake asubuhi nimwambie. Lakini alishaalika watu, na mimi nikajidanganya kwamba watakuwa wakiitazama dari hata wasione mengine (wanawake arobaini, wasione kwamba hawamo!). Jumapili jioni ukumbi umejaa pomoni, Bi. Rukia akavuta shuka iliyofunika picha. Akasogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Salehe," akasema, "sisi tuko wapi?"

Na mmoja huko nyuma akajibu kwa niaba yangu, "Sisi hatumo, lakini Maalim yumo."

Kile kicheko nadhani kilisikika mpaka Mwera. Wenye hasira walikuwa na hasira, wanasema nimewafuta duniani na sare zao, na wasio na hasira walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Kabla ya magharibi mji mzima ulishajua kwamba katika chama cha taarabu mwanachama aliyebaki ni mmoja, na siku zilizofuata Maalim akipita kwenye baraza wazee wenzake walimwamkia hivyo, bwana mwanachama, habari za ukumbini. Na nyumbani hakunisemesha. Aliniwekea chakula, akanifunikia, akaniacha nacho, na hilo lilinichoma kuliko kupigwa.

Meli ya Pinto ikakaribia. Bi. Rukia akataka kile kioo kivunjwe, picha isitolewe tena, na mimi nikaona wa kukivunja si yeye. Nikakichukua pamoja na picha, nikaenda chumbani kwa Maalim, nikamwamkia, nikaviweka mbele yake mkekani, nikamwambia Bamkubwa nimekukosea, nimekudanganya, nimevaa makubadhi yako bila ruhusa na nimekutia midomoni mwa watu, kivunje mwenyewe. Nilisema hivyo na moyo wangu unaniuma, kwa sababu nilijua kikivunjika, baba yangu kavunjika nacho.

Kioo hakukigusa. Aliichukua picha akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu sana. Kisha akaweka kidole pembeni, juu kabisa.

"Hii haikwisha?"

Nikamwambia haikwisha, ndiyo aliyokuwa nayo mkononi homa ilipomwangusha. Nyota yenye ncha tatu, ya nne imechorwa kwa penseli tu.

Macho yakamlowa na hakuyaficha. Halafu akasema, "Nikatie hapa. Mimi nitoe, na hao mvuke watoe, ibaki dari peke yake. Picha isiyo na kiumbe haina neno."

Nikamwuliza, na ya Mgoa?

"Mpe kama ilivyo. Huko iendako hawanijui."

Pinto aliibandika mbele ya macho yangu, akaitazama mpaka king'ora cha meli kikalia. Akina mama niliwapiga picha yao barazani, juani, sekunde moja, wakatoka na sare zao zote, na hata hivyo Bi. Rukia hakunisamehe upesi. Na mimi tangu siku ile kiatu cha mtu sikivai bila kuomba, na siondoi kifuniko cha lenzi mpaka mlango nimeufunga kwa komeo, na nikiwa nimekosa, naenda kusema asubuhi yake.

Kile kipande cha dari Maalim alikitundika juu ya kitanda chake. Mtasema labda alilegea. Hata. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, aliusema ukumbi kama kawaida, akawasema wanawake, akazisema ngoma, akazisema na sare, na watu wakangoja amalizie na dari kama alivyozoea. Akaishia pale, akainama kutafuta makubadhi yake.