Kisanduku Kilichomsomea Mwalimu Hoza

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha wasioona, kile kilichokuwa juu ya mji wa Soni na ambacho leo hakipo, nilimwamkia mtu shikamoo naye akaniinulia kiganja ninyamaze. Mimi ni mtoto wa Vuga. Kwetu anayeiacha shikamoo bila jibu huhesabiwa hana malezi, hata awe na cheo gani. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nimekasirika, huku yeye ameinamisha sikio kwenye kisanduku cha bati chenye ukubwa wa tofali kilichokuwa kando ya kompyuta. Kile kisanduku kilikuwa kinasema. Kilisema upesi mno, Kiswahili cha mdomo wa Kizungu, nami sikuambulia hata neno. Kiliponyamaza ndipo yule bwana akageuka.

"Marahaba, binti. Uniwie radhi. Kikishaanza ukurasa nikikikatiza, napotea mahali nilipofika. Wewe ndiye mpiga chapa mpya?"

Huyo ndiye Mwalimu Hoza, mtu wa Mlola, aliyepofuka kwa surua kabla hajaanza kutambua rangi. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, na cheo chake kilikuwa Mhakiki wa Vitabu. Nami niliitwa Bi Zaina tangu siku hiyo hadi leo.

Nilikuwa nimetoka shirika moja la umma pale Lushoto mjini, nilikoanza kazi baada ya chuo cha uhazili. Huko bosi wangu alikuwa Katibu Muhtasi, mama mkali aliyekagua kila karatasi kwa kuinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Ukifuta, naona," alikuwa akisema. "Anza upya." Kisha likaja soko huria. Maduka ya Soni yakajaa redio na viatu vya kila namna, na shirika letu likauzwa. Sisi wa taipureta tukapunguzwa kazi wote, yule mama pamoja nasi. Kwa hiyo nilipopata nafasi kituoni niliishika kwa mikono miwili, ingawa kompyuta nilikuwa nimeiona kwenye picha tu.

Ninyi mliokulia kwenye simu za kugusa, niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa. Kitabu cha shule cha wanafunzi wetu kilifika kimechapwa kwa wino. Mimi nilikiingiza kwenye kompyuta, neno kwa neno, na programu ikakigeuza kuwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa ncha za vidole. Kisha mtambo wa kuchapa ulivigonga vinundu hivyo kwenye karatasi nene. Ulikuwa na kelele za fundi anayepigilia bati, hata tukaufunika kwa godoro kuukuu. Mwisho Mwalimu Hoza alipitisha vidole ukurasa mzima, na palipo na kosa alinigongea meza. Miezi ya baridi, ukungu uliposhuka kutoka msituni, karatasi zilinyonya unyevu na vinundu vikalala. Tulizihifadhi kwenye kabati lenye balbu inayowaka mchana kutwa. Mwalimu Hoza aliliita kabati hilo wodi ya watoto njiti.

Kompyuta yenyewe alinifundisha yeye. Enzi hizo kioo kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani, hakuna picha wala kipanya. Ulitaka kitu, uliandika amri. Kisanduku kilikuwa kimechomekwa kwa waya kwenye tundu nyuma ya kompyuta, na kila herufi iliyotokea kwenye kioo kilimtamkia. Alibonyeza kitufe kimoja mara moja kinyamaze, mara mbili kirudie. Alikiendesha kwa kasi hiyo kwa makusudi. "Wewe unasoma kwa macho, hujisomei polepole kama mtoto wa chekechea," aliniambia. "Mimi nisome polepole kwa nini?"

Nilimuuliza siku moja kwa nini anakipenda kiasi kile chombo chenye sauti mbaya namna ile. Alikuwa anamenya pea, akanikatia kipande.

"Nilipokuwa mdogo, barua zangu alinisomea kaka yangu," akasema. "Nilikuja kujua ukubwani kwamba alikuwa akiruka mambo. Mama alipougua, aliruka. Hakuwa mtu mbaya, alinihurumia. Lakini anayekusomea ndiye anayechagua, Bi Zaina. Hiki hakichagui. Wala hakinihurumii."

Maneno hayo ndiyo niliyoyakumbuka siku mfumo mpya ulipotufikia.

Ulikuja pamoja na wafadhili wapya, ndani ya maboksi meupe yaliyoshushwa uwanjani huku mvua za vuli zikinyesha. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayozisimamia nyingine zote, na ndiyo inayokubali au kukataa kifaa unachochomeka. Huu mpya ulikuwa wa rangi na picha, wa kubofya kwa kipanya. Mkuu wa Kituo, mwalimu wa zamani wa hesabu na mzee wa kanisa, alitukusanya ukumbini.

"Kila ofisi inahama," akasema. "Tukibaki peke yetu huku milimani, kesho hatutapata hata diski za kuhifadhia kazi. Kompyuta za zamani zitakwenda sekondari."

Mwalimu Hoza akanyoosha mkono. "Na kisanduku, Mkuu? Tutahama nacho?"

"Mtaalamu atakiunganisha, Mwalimu. Ondoa shaka."

Mtaalamu alipanda kutoka Tanga, kijana mwenye adabu aliyevaa masweta mawili na bado anatetemeka. Alianza na mtambo wa kuchapa. Ukagonga kwa bidii, ukatoa ukurasa uliojaa vinundu kila pembe. Mwalimu Hoza akaupapasa, akaupapasa tena. "Hiki si Kiswahili," akasema, "wala si Kiingereza. Na Kishambaa nakijua." Tulicheka, hata mtaalamu. Tatizo lilikuwa kiendeshi, yaani programu ndogo inayoufundisha mfumo namna ya kusemezana na kifaa. Mtambo wetu haukuwa na kiendeshi cha mfumo mpya. Mtaalamu aliudanganya mfumo kwamba ule ni mtambo wa kawaida wa kuchapa maandishi matupu, na kabla ya chai ya saa nne kurasa zikatoka safi.

Kisha akachomeka kisanduku. Kilitoa mlio wake wa kuamka, kikanyamaza. Mwalimu Hoza alikuwa ameshavuta kiti, ameshainamisha sikio. Mtaalamu alibadilisha waya, akabadilisha tundu, akazima na kuwasha. Alasiri akakaa chini.

"Mwalimu, tatizo si waya," akasema. "Kisanduku hiki kinasubiri kipewe herufi. Mfumo wa zamani ulikuwa unakipa herufi. Huu mpya unachora picha za herufi, na picha hakizijui. Ingehitajika programu nyingine ya kusoma kioo, na ya kisanduku hiki haikutengenezwa. Waliokitengeneza wameshaacha."

"Kwa hiyo kizima," Mwalimu Hoza akasema, "ila hakioani na mfumo."

"Ndiyo, Mwalimu. Kizima kabisa."

Akakichomoa mwenyewe, akazungusha waya wake taratibu, akakiweka mapajani. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu, maana sikutaka anisikie ninavyopumua.

Kesho yake nilikwenda kwa Mkuu kumwomba abakize kompyuta moja ya zamani. Nilimweleza kwamba mimi nitafanya kazi kwenye mpya, nitahifadhi kwa namna ambayo ya zamani inaielewa, na nitampelekea Mwalimu kazi kwa diski laini, zile bapa za mraba mlizoziona labda kwenye makabati ya babu zenu. Mkuu alikuna kidevu.

"Moja," akasema. "Nayo ikifa, Bi Zaina, usije kuniombea ya pili."

Tukaishi hivyo kwa miaka. Nyakati zile ndizo ninazozitamani hadi leo. Asubuhi nilipita sokoni Soni kati ya matenga ya kabeji na karoti yanayosubiri malori ya Dar es Salaam, nikapanda kilima, na kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti ile mbaya ikikimbia. Nilijua Mwalimu amefika, anasoma. Sikuamkia. Nilisubiri kiganja kishuke, ndipo nikasema shikamoo. Asiyejua angetuona hatuna adabu wote wawili.

Mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, siku moja umeme ulirudi kwa nguvu kuliko ulivyoondoka. Kompyuta mpya zilikuwa na kikinga umeme. Ile ya zamani haikuwa nacho. Ilitoa harufu ya kuungua, ikazimika moja kwa moja. Niliibeba mwenyewe kwenye basi hadi Tanga nikazunguka maduka ya mitumba ya kompyuta, ambayo siku hizo yalikuwa yamejaa hadi barazani. Vipuri vilikuwepo vya kila aina, isipokuwa vya aina yetu. Nilirudi na ile kompyuta mapajani.

Mwalimu Hoza alinisikia naingia akajua kutokana na hatua zangu. "Basi," akasema. "Sasa nitasomewa."

Nilivuta kiti nikaketi upande wa kisanduku. "Mwalimu," nikamwambia, "gonga meza mara moja ninyamaze, mara mbili nirudie. Sitaruka kitu."

Kisha akagonga meza mara mbili, nami nikarudia.

Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa kisanduku. Nilisoma kila kilichokuwa kwenye kioo, pamoja na maonyo ya Kiingereza ambayo sikuyaelewa mimi wala yeye. Nikizidisha upole alinisuta. "Kisanduku hiki kina lafudhi ya Vuga," alikuwa akisema. "Na kinakwenda kama kimebeba mtungi wa maji." Nikaongeza kasi mpaka koo likakauka. Niliporudi nyumbani mume wangu alilalamika kwamba naongea kama nakimbizwa.

Kisha wafadhili wakaleta ripoti ya tathmini, na Mwalimu akataka kuisoma, kwa kuwa ilihusu idara yetu. Nilisoma vizuri hadi katikati. Hapo nikakuta sentensi inayosema kwamba kwa mfumo mpya, nafasi ya Mhakiki asiyeona haina ulazima tena. Niliiona kwa macho kabla sijaitamka. Ningeweza kuiruka, na nakiri kwamba mdomo ulikuwa mzito kuliko siku yoyote. Niliisoma yote, kwa kasi yake ileile.

Akagonga meza mara mbili.

Nikairudia, sauti ikakatika katikati. Yeye akainua uso. "Asante," akasema. "Sasa najua unasoma kweli. Endelea."

Mkuu wa Kituo, ambaye nilikuwa nimeshamdhania kila baya, aliwajibu wafadhili kwamba vinundu huhakikiwa kwa vidole, na kwamba mhakiki wake ataondoka siku ya kustaafu, si kabla. Ikawa hivyo. Mwalimu alipostaafu tulimsindikiza hadi stendi ya Soni, ana kisanduku chake kwenye mfuko wa sukari. Nilifanya kazi miaka mingine bila kugongewa meza. Kituo kilipofungwa, wanafunzi wakahamishiwa kwingine, nami nikarudi Vuga kulima maharage na kusubiri wajukuu.

Vijana wanaofanya kazi za kompyuta hunijia wakiniuliza tulihamaje mifumo zamani, bila mtandao wa kuulizia. Nawaambia wapite nyuma ya kila kompyuta, waguse kila waya, waulize kama kinachochomekwa pale kitaoana na mfumo mpya. Kisha waulize ni nani anakitegemea. Swali la pili huwa hawaliandiki.

Mwaka jana binti yangu, muuguzi, alininunulia simu, akanionyesha kwamba ukiwasha sehemu fulani, simu inasoma kioo chote kwa sauti, tena kwa Kiswahili kisafi. Sikulala vizuri. Asubuhi nilimwomba anunue nyingine ya namna hiyo, nayo ilipofika nikapanda gari la Mlola.

Nilimkuta barazani kwake, amekonda, mvi tupu, ameshasikia hatua zangu tangu nilipokuwa kwenye shamba la kahawa. "Onga mashi, Bi Zaina," akanisalimu kwa Kishambaa kabla sijafungua kinywa. Nilimwamkia, akaitikia papo hapo, tukacheka. Nilikaa karibu nikampa ile simu, nikamwelekeza vidole vyake juu ya kioo, nikijiandaa kumsomea mahali atakapokwama. Hakukwama sana. Aliuliza panapobadilishwa kasi. Nilimwonyesha. Akapandisha, akapandisha tena, hadi ile sauti nzuri ya Kiswahili kisafi ikawa mkimbio mmoja nisioambulia hata neno. Alitafuta habari za bei ya kahawa, akatafuta za mpira, akaingia kwenye kitabu. Uso wake ukatulia kama nilivyouona siku ile ya kwanza.

Nilifurahi, nawaambieni kweli. Na mikono yangu ilikuwa mapajani haina kazi, nikaona kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nikingoja mtu agonge meza mara mbili.

Jua lilipoanza kuinama nilisimama, nikachukua mkoba wangu. "Mwalimu," nikasema, "gari la Soni litaniacha."

Akainua kiganja.

Nikasimama pale barazani, nikasubiri amalize ukurasa. Gari likaniacha.