Brandi ya Nchi ya Chumvi

Ukitaka kumjua Stephen Ekitela, tazama lori lolote linalotoka Isiolo kwenda Moyale. Lile turubai lililofunika mzigo, kama halivuji, basi ni yeye aliyelishona. Kama linavuja, ni kazi ya mtu mwingine, na yeye mwenyewe atakuambia hivyo hata kama hukumuuliza. Zaidi ya hapo usitegemee mazungumzo. Hukaa kwenye benchi lake kando ya barabara kuu, miguu ameinyoosha chini ya turubai, sindano ya magunia mkononi, na hamtazami mtu usoni mpaka amalize mshono. Maneno yake ya siku nzima yangeingia katika kisanduku cha kiberiti, na njiti zingebaki na nafasi yake.

Hakuwa hivyo zamani. Zamani Ekitela alikuwa mnywaji, tena mnywaji mwenye maringo. Wenzake walikunywa busaa, pombe ya nafaka, kwenye kopo. Yeye alisema busaa ni uji wa watoto, akanywa brandi, zile chupa ndogo bapa ambazo madereva walimletea. Alikunywa mpaka mchana mmoja akapanda juu ya mzigo wa lori kukagua mshono wake, na usingizi ukamchukua palepale kati ya magunia. Turniboi, yule msaidizi wa dereva, hakumwona. Akavuta turubai, akakaza kamba, lori likaondoka. Ekitela aliamka katika giza la joto kali, hewa inakwisha, akapiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia, kwa sababu turubai lilikuwa limeshonwa vizuri mno. Walilifungua walipofika Laisamis. Turniboi alipoona mtu anaketi katikati ya magunia, alitupa kamba akatimua mbio, akidhani maiti imefufuka. Tangu siku hiyo Ekitela hakugusa tena brandi. Kisa hicho mji mzima unakijua, na watu wakikicheka yeye huwaacha wacheke.

Ambacho mji haukukijua, na wala yeye mwenyewe hakujua thamani yake, ni kitu kingine alichokiacha siku ileile.

Alikuja kuijua Jumapili moja, baada ya kanisa. Akaale, binti yake wa pekee, alikuwa amepata kazi ya ualimu huko Korbesa na angeondoka kesho yake asubuhi. Ekitela alitaka kumwambia neno kabla hajaenda. Neno gani, hakujua. Kwa miaka mingi yeye na binti yake walikuwa wakiongea kama wapangaji wa nyumba moja: umeamka, chai iko, funga mlango. Heshima ilikuwepo, ugomvi haukuwepo, na hapakuwa na kitu kingine. Alihisi kwamba Akaale akiondoka hivyo, atakuwa ameondoka moja kwa moja, hata kama atarudi kila likizo. Jambo hilo lilimkosesha raha. Akaketi chumbani na kikombe cha chai, akilitafuta neno lake.

Uani, Akaale na marafiki zake wawili, Hamdia na Dan, walikuwa wametandika turubai kuukuu kivulini. Ekitela alidhani wanaagana tu. Mara akamsikia Dan akipaza sauti.

"Brandi! Nipe brandi haraka, mimi nakufa hapa!"

Kisha sauti ya Akaale, shwari kabisa: "Moja umeshakunywa. Unataka ya pili?"

Brandi! Ndani ya ua wake, Jumapili, mikononi mwa binti yake! Na Hamdia pale pamoja nao, mtoto wa watu wa msikiti, ambaye babu zake waliishi mji huu kabla ya barabara na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonekana karibu na chupa. Ekitela alitoka mbio, kiatu mguu mmoja, kikombe bado mkononi, chai inamwagikia suruali ya kanisani.

"Iko wapi?"

"Nini, Baba?" Akaale aliuliza.

"Brandi. Nimesikia na masikio yangu."

Juu ya turubai palikuwa na njugu, makaratasi, dadu mbili na chupa ya soda. Ekitela aliinyakua ile chupa akainusa. Akainusa tena. Ilikuwa soda. Dan akaanza kucheka, akauona uso wa mzee, akakimeza kicheko chake.

"Baba Akaale, hii ni mchezo tu," Hamdia alisema. "Wallahi hakuna brandi hapa. Akaale ametengeneza nchi kwa kichwa yake, inaitwa Nchi ya Chumvi. Sisi ni wasafiri huko. Mimi niko na ngamia, Dan ni askari. Akaale anatuambia nini imetupata, sisi tunasema tutafanya nini, halafu tunarusha dadu tuone kama imeweza. Saa hii Dan ameumwa na fisi, na dawa ya huko ni brandi."

"Dawa?"

"Ndiyo, dawa. Lakini msafiri wangu kwa mchezo hanywi, nilikataa kabisa. Nilisema mimi nipewe maziwa ya ngamia. Akaale ni mgumu! Anasema maziwa inashibisha tu, haiponyi."

Hapo moyo wa Ekitela ungetulia, lakini haukutulia. Ulipigwa mara ya pili, na safari hii vibaya zaidi. Brandi ni dawa! Kama kungekuwa na mtu mmoja duniani wa kujua kwamba brandi si dawa, angekuwa ni huyu binti aliyemwona baba yake akishushwa kutoka kwenye lori lililomrudisha nyumbani, hajiwezi, midomo imepasuka kwa kiu.

"Toa hiyo kitu kwa mchezo yenu," alisema. "Weka dawa ya miti. Weka hiyo maziwa ya Hamdia. Brandi haijawahi kuponya mtu. Ilitaka kuniua. Wewe unajua."

"Najua, Baba."

"Basi toa."

"Siwezi kutoa. Bila hiyo hakuna nchi."

Akaale alikuwa hajawahi kumkatalia jambo. Dan, ambaye hapendi kuona watu wakikosana, aliamua kusaidia, na ndiye aliyelipasua jambo lenyewe.

"Mzee, si kunywa tu. Ukikunywa lazima ufanye hivi." Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, viwiko vimepinda, mkono wa kushoto umeinama mbele kuliko wa kulia. "Halafu unaimba. Ukiimba, ng'ombe dume inatoka kwa ukungu inakubeba. Iko na madoa kama ya twiga, na pembe yake moja imelala hivi."

Ekitela akaketi chini palepale juu ya turubai. Dan aliishusha mikono upesi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Yule dume alikuwa Lokori. Ekitela alipewa na baba yake huko upande wa Ngaremara alipokuwa kijana, mwenye madoa ya twiga na pembe ya kushoto iliyoinama mbele. Kwa Waturkana, mwanamume na dume lake la kujivunia ni jina moja; humtungia wimbo, na akiuimba huinua mikono ikawa pembe. Lokori alikufa kwa ukame. Ekitela akaja mjini bila ng'ombe hata mmoja, akiwa na wimbo tu, na mjini aliona haya kuuimba. Brandi ndiyo iliyokuwa ikimwondolea haya hiyo. Basi alipoitupa brandi, aliutupa na wimbo. Hakuna aliyemwambia autupe, si mchungaji, si mke wake. Yeye mwenyewe aliamini kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja, akavitoa nyumbani kwa pamoja, akajipongeza. Na kwa kuogopa kwamba wimbo ungemponyoka pamoja na maneno mengine, akayapunguza na maneno.

"Nani alikuambia juu ya Lokori?" aliuliza.

"Wewe, Apa."

Apa. Ndivyo alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo, kwa lugha ya nyumbani. Ekitela hakumbuki ni lini aligeuka kuwa Baba.

"Ulikuwa unakuja jioni unanibeba kwa mabega," Akaale alisema. Hakuwa anamtazama, alikuwa akizigeuzageuza dadu mkononi. "Unaimba, mikono juu. Mimi nilikuwa nashika hizo mikono nikisema ni pembe. Nilikuja kujua Mama alikuwa analia, lakini nilijua nikiwa mkubwa. Wakati huo mimi nilikuwa huko juu, sikuwa naona uso yake. Halafu ukaacha kunywa. Watu wote wakashukuru Mungu, na mimi pia nikashukuru. Nikangoja uimbe. Hukuimba. Ulinyamaza mpaka leo, Apa. Sasa mimi ningejuaje? Ningejuaje ni nini ilikuwa inanibeba, ni wewe ama ni brandi?"

Hamdia aliinamisha kichwa akatazama miguu yake. Miaka yote ile Ekitela alidhani kimya chake ndicho zawadi aliyompa binti yake: baba asiyepepesuka, baba asiye na kelele. Kumbe mtoto alikuwa amekaa mlangoni akingoja. Iliuma kuliko kiu ya Laisamis, na hapa hapakuwa na mtu wa kufungua kamba.

"Akaale, pole sana," Dan alisema kwa sauti ndogo, "lakini mimi bado nakufa."

Akaale alijifuta macho, akacheka kidogo bila kutaka. "Utakufa tu. Brandi imeisha. Hamdia alivunja chupa ya mwisho ngamia ilipoanguka."

"Ilikuwa dadu, si mimi," Hamdia alisema.

Ekitela alikohoa. "Na kama mtu hana brandi," aliuliza polepole, "lakini anajua wimbo. Huko kwenu inakubali?"

Akaale alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu baba yake atoke ndani.

"Sijui. Hakuna mtu amejaribu."

"Inarushiwa dadu?"

"Hapana, Apa. Hiyo haina dadu."

Ekitela aliweka kikombe chini. Akasimama, akavua kile kiatu kimoja. Aliinua mikono, na bega lilimuuma kwa ile kazi ya kuvuta turubai, lakini aliipandisha mpaka juu na kuukunja wa kushoto mbele. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Sauti ilitoka imekwaruza, ikakatika, akaianza tena. Ubeti wa kwanza aliusahau nusu. Wa pili ulikuja wenyewe: madoa ya Lokori, pembe yake, maji aliyoyanywa Ngaremara kabla jua halijawa kali. Wimbo kama huo hauendi bila waitikiaji, na palipofika mahali pa kuitikia Ekitela aliogopa kwamba hapatakuwa na mtu. Akaale aliitikia. Aliitikia chini, kifuani, mahali hasa panapotakiwa, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha.

Jikoni, mama yake, Gladys, alikuwa akikaanga mandazi ya safari. Alikuja mbio na mwiko unaodondosha mafuta, uso umesawijika, kanga inaburuta. Alimshika mumewe taya kama alivyokuwa akimshika zamani, akamvuta kwake, akainusa pumzi yake. Wimbo ulikatika. Akainusa tena, kwa muda, macho ameyafumba.

"Chai," Gladys alisema.

Alimwachia taya. Alimtazama binti yake aliyelowa machozi, akaitazama ile mikono ya mumewe iliyokuwa bado juu, kisha akamtazama usoni, na mwiko ukamwanguka.

"Ni chai," alirudia. "Ekitela, kumbe ungeweza kuimba na chai? Miaka hii yote, kumbe ungeweza na chai?"

Akaale aliinuka, akasimama mbele ya baba yake, akapandisha mikono yake juu ya kichwa, wa kushoto akaukunja mbele, akauanza wimbo pale ulipokatikia.