Ufunguo wa Mzee Aliyelala

Kompyuta iliingia Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, juu ya boda boda ya baiskeli, skrini ikiwa imefungwa kwa shuka la maua, na aliyeipakata alikuwa fundi aliyetaka kumwoa dada yangu. Baiskeli ya pili ilifuata nyuma ikiwa imebeba mashine yenyewe ndani ya boksi la sabuni. Majirani walitoka kuangalia. Mmoja aliuliza kama hiyo ni televisheni, na fundi akamjibu kwamba ni televisheni iliyokwenda shule.

Nilicheka, halafu nikatazama mlangoni. Baba alikuwa amesimama pale na hakucheka.

Baba alikuwa sajenti wa polisi aliyestaafu. Miezi michache kabla ya siku ile, dada yangu, ambaye alikuwa mwalimu Mbale, alileta habari nyumbani kwamba amepata mchumba. Baba alimwuliza mchumba anafanya kazi gani. Anatengeneza kompyuta. Ameandikwa na nani? Amejiandika mwenyewe. "Basi hana kazi," baba akasema, na kwake kesi ilikuwa imekwisha. Dada naye aliapa kwamba hataolewa bila neno la baba. Wazee wa fundi, watu wa milimani huko Bugisu, walikuwa wameshachoka kungoja. Walimwambia kijana wao kwamba ikifika mwisho wa likizo ya shule bila wao kukaribishwa Jinja, watamtafutia msichana wa kwao.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kazi sijapata, kwa hiyo nilikuwa nikienda na kurudi kati ya nyumba mbili, ya wazazi Walukuba na ya dada Nkoma, huko Mbale. Kule Nkoma ndiko nilikojifunza mchezo. Fundi alizoea kuleta sebuleni kwa dada kompyuta za maofisi alizokuwa amezifufua, akiziacha ziwake kutwa nzima ili aone kama zitakufa tena. Moja ilikuwa na mchezo ndani yake, wa mafumbo, na nilipougusa mara moja sikutaka tena kupika wala kufagia.

Ndani yake kulikuwa na mji mdogo kando ya mto. Daraja lake limeanguka na hakuna anayejua kwa nini. Wewe una gurudumu la shaba, ukilizungusha unakwenda enzi ya mababu, ukilizungusha tena unarudi leo, na mara ya tatu unafika miaka ya mbele, mji ukiwa umemezwa na maji. Unaokota kitu hapa, unakitumia kule. Ukipanda mbegu kwa mababu, leo unaukuta mti.

"Lakini ukiukata mti ule zamani," nilimwuliza fundi, "yule bibi anayeuza vitunguu kivulini kwake leo anakumbuka nini? Kwamba alikaa juani maisha yake yote?"

"Shemeji, waliouandika mchezo nao walikuwa na njaa. Walitaka kumaliza waende kula."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo."

Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi ukiwauliza wanatunga.

Dada ndiye aliyebuni mpango. "Baba anapenda kesi," alisema. "Mpelekeeni kesi." Fundi alikuwa ameitwa kutengeneza mashine za ofisi moja ya kiwanda mjini Jinja, na angehitaji mahali salama pa kuweka kompyuta yake Jumamosi na Jumapili. Mimi nikatumwa mbele kumwomba baba. Hakuna askari anayekataa kulinda mali. Alikubali akijua kabisa mali hiyo ni ya nani.

Kwa hiyo fundi akafika, na pamoja na kompyuta akaleta malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo watu wa Mbale huyapika kwa karanga. Mama aliyapokea, akayanusa, akasema, "Huyu angalau anajua jikoni kuna watu." Baba alisema, "Karibu, kijana," kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwenye kaunta ya polisi.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili. Mama alikuwa wa kabila lake, baba wa lake, na sisi tulizaliwa katika kambi za polisi. Sokoni mama alibadili lugha, maana Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na wapo watu ambao wakikisikia bado hutazama nyuma kama kuna bunduki. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza. Baba alikisoma vizuri, lakini alisema mashahidi wahojiwe kwa Kiswahili, na mimi nikawa mkalimani.

Maana kufikia hapo baba mwenyewe alikwisha kaa kwenye kiti cha kompyuta. Nilikuwa nimeanza kucheza mwenyewe, nikijifanya simwoni. Alipita nyuma yangu kwenda kuchukua gazeti. Akapita tena kulirudisha. Mara ya tatu akauliza nani aliangusha daraja.

"Hajulikani, baba."

"Umewauliza?"

Nikampisha. Katika nyumba ile redio ilishikwa na mkono mmoja tu, wa baba, na sasa mkono huohuo ukaishika mausi, ukaikandamiza mezani kama kitu kinachoweza kutoroka. Alimhoji muuza vitunguu. Alimhoji mwenye hoteli. Kisha akazungusha gurudumu, akaenda kumhoji babu yake mwenye hoteli, akarudi kulinganisha maneno yao.

"Muulize usiku ule alikuwa wapi."

"Baba, mchezo una maswali matatu tu."

"Basi waliouandika walikuwa wanawalinda."

Fundi alikaa pembeni kwenye stuli, magoti pamoja, hasemi. Alishaumaliza mchezo ule kama mimi. Aliona baba akipotea, akamwacha apotee, na baba alipogundua kwamba taa ya kioo ya mwenye hoteli ndiyo ile iliyovunjika mtoni, fundi alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayejifunza. Nikafikiri: huyu ni mjanja.

Kisha umeme ukakatika. Skrini ikajikunja ikawa nukta, na nukta ikazima. Baba aliendelea kuishika mausi.

"Bwawa la umeme liko hapo chini," mama alisema kutoka jikoni, "umeme unapita juu ya paa letu kwenda Kenya, na sisi tunapungiwa mkono."

Uliporudi, kila kitu kilikuwa kimeanza upya. Hapo ndipo fundi alipozungumza kwa mara ya kwanza bila kuulizwa. Alimwonyesha baba namna ya kuhifadhi mchezo. "Ukihifadhi, afande, hata umeme ukikatika, ukirudi unakuta mambo palepale ulipoyaacha." Baba alilipenda jambo hilo kuliko mchezo wenyewe. Tangu hapo alihifadhi kila alipopiga hatua, hata alipokuwa hajafanya kitu.

Mchana wa Jumamosi tulifika kwa mzee aliyelala.

Yeye anakaa enzi ya mababu, nje ya mnara wa mto, kwenye kiti, kofia imemfunika macho. Ukutani kando yake kuna msumari, na kwenye msumari umening'inia ufunguo wa chuma. Mnara wa leo umefungwa, na siri yote ya daraja imo ndani. Mtu yeyote aliyewahi kugusa michezo ya namna hii anajua la kufanya. Katika michezo hii unabeba kila unachokiona, ndoo ya mtu, kamba ya mtu, mkate wa mtu, na hakuna anayekuuliza.

"Chukua ufunguo, baba."

"Wa nani?"

"Wa yule mzee."

"Amekubali?"

"Amelala."

"Mtu aliyelala hajakubali." Akaiachia mausi.

Nilimweleza kwamba hakuna njia nyingine. Nilimweleza kwamba mzee yule ni rangi tu kwenye kioo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa konstebo mpya hapa Jinja Wahindi walipofukuzwa," alisema. "Nilisimama zamu pale barabara kuu. Nimeona funguo zikichukuliwa wenyewe hata hawajafika mpakani Malaba. Kila mtu alisema hakuna njia nyingine."

Nilijua habari hiyo kwa upande mmoja tu: kwamba katika nyumba zote za kambi tulizokaa, yetu ndiyo haikuwa na cherehani wala kabati la kioo. Nilikuwa nimedhani ni umaskini. Na mwaka huu wa kompyuta Wahindi wenye maduka walikuwa wameanza kurudi na hati zao, na mjini watu waliokaa humo miaka yote walikuwa wakihamisha vitanda.

Nilimtazama fundi. Sasa, niliwaza, sema jambo lolote, maana ukiondoka kesho bila neno lake, imekwisha.

"Afande," alisema, "tukiuchukua, tukaufungua mlango, halafu tukarudi tukautundika kabla hajaamka?"

Baba aligeuka kwenye kiti. "Kabla hajaamka."

"Zamani haisogei sisi tukiwa huku. Tutamkuta vilevile."

Baba alifikiri sana, na niliona raha ikimpanda usoni, raha ya askari aliyeletewa kesi ambayo haijawahi kutokea. "Atakayeshitaki yuko wapi?" alijiuliza. "Hajui kama umeondoka. Na umesharudi." Akamwelekea fundi. "Wewe ndiwe utakayeurudisha?"

"Mimi."

"Nimekusikia."

Akahifadhi mchezo, akauchukua ufunguo.

Tuliingia mnarani. Tulipata ramani, tukazuia mafuriko ya miaka ya mbele, tukamtoa mwenye hoteli gerezani, alikofungwa kwa sababu ya ile taa yake. Mama alikuja na unga wa posho, ugali wetu, mikononi kutazama. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu mchezo uishe, na baba alikuwa akicheka, jambo ambalo halikuwa la kila wiki. Nilianza kuamini kwamba ameusahau ufunguo.

"Kijana," alisema. "Ahadi."

Fundi alivuta stuli karibu, akaishika mausi, akazungusha gurudumu hadi kwa mababu. Mzee amelala. Aliuchukua ufunguo kutoka mkobani akauweka juu ya msumari. Maneno yakatokea chini ya skrini. Akajaribu tena. Maneno yaleyale.

"Inasemaje?" baba aliniuliza, ingawa aliyasoma.

"Inasema, huna haja ya kufanya hivyo."

"Nani hana haja? Yule akiamka atakuwa na haja."

Fundi alijaribu msumari, kiti, magoti ya mzee, kofia ya mzee. Huna haja ya kufanya hivyo. Nikaelewa kwamba waliouandika hawakuwahi kuwaza kwamba mtu angetaka kurudisha. Mimi pia, nilipoumaliza kule Nkoma, ufunguo ulikuwa bado mkobani, na sikukumbuka.

"Ni mchezo tu, baba," nilisema. Fundi hakusema hivyo. Alikaa akiitazama skrini, na baba alikuwa akimtazama yeye.

Kisha fundi akaenda mahali pale pa kuhifadhi, akachagua hatua ya mchana, ile ya kabla ya ufunguo, akaifungua. Ramani ikapotea. Mafuriko yakarudi. Mwenye hoteli akarudi gerezani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, na ufunguo ulikuwa umening'inia msumarini kama ambao haujaguswa na mtu.

Nimesoma na kubishana sana juu ya wakati, na naona hadi leo kwamba gurudumu la shaba lilikuwa la kututania. Lilitupeleka kwenye picha nyingine tu. Aliyerudi nyuma kweli, akalipa kwa mchana wake, ni fundi kwenye ile stuli.

Baba alikohoa. "Mama," aliita jikoni, "fundi hajapata chai."

Mama alisimama mlangoni akanitazama. Tangu asubuhi baba alikuwa akimwita kijana tu.

Jumapili baada ya kanisa walirudi mezani wote wawili kutafuta njia nyingine. Hakukuwa na njia nyingine, nami niliwaambia. Baba aliamua kumngoja mzee aamke.

"Hataamka, baba."

"Hakuna mtu asiyeamka."

Wakakaa, mausi mkononi, wakimtazama mtu wa rangi akilala. Na kwa kuwa kungoja kunachosha, baba akaanza kumhoji aliyekuwepo.

"Mashine uliyotengeneza ikiharibika tena na umeshalipwa, unafanyaje?"

"Narudi."

"Kwa nauli ya nani?"

"Yangu, afande."

"Mvua ikiwa kubwa?"

"Narudi kesho yake. Nikidanganya kwamba narudi leo, watakaa ofisini bure."

Ilikwenda hivyo hadi chakula. Aliulizwa juu ya mama yake, juu ya madeni, juu ya pombe, na alijibu kila swali kwa ufupi, mengine vibaya. Malewa yalipoletwa mezani baba alikula, akasema yana moshi mwingi, akaongeza. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Waambie wazee wako waje."

Nilimsindikiza fundi hadi stendi, skrini ikiwa tena ndani ya shuka lake. Sikuweza kuliacha swali likae.

"Ungeurudisha kama baba asingekuwepo?"

"Nkoma niliuchukua nikamaliza mchezo. Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu."

"Basi ulimchezea baba."

"Nilimwahidi, shemeji. Mchezo ukakataa. Ungenishauri nini?"

Alicheka, akapanda teksi ya Mbale, akaipakata skrini kama mtoto aliyelala.

Wazee wake walikuja kabla likizo haijaisha, wamevaa kanzu na makoti, na sebule yetu haikutosha. Baba alivaa suti ya kustaafia. Salamu zilikwenda ndefu, lugha tatu zikisukumana, na wakati wote fundi alikaa kwenye mkeka ameinamisha kichwa kama ilivyotakiwa. Watu walipokuwa wakinyamaza ili maneno makubwa yaanze, baba aliinama kidogo kuelekea mkekani.

"Yule mzee ameamka?"

"Bado, afande."

"Na ufunguo?"

"Uko msumarini."

Baba akajiegemeza kwenye kiti, akawaambia wageni waanze.