Tandala wa Saa Saba Mchana

Laki tano na elfu arobaini. Hiyo ndiyo gharama ya safari nzima, nimeijumlisha mara mbili, na nauli za basi kwenda na kurudi zimo. Naitaja mapema ili mtu asije akadhani nalalamikia hela. Hela nilipunguziwa. Kinachoniuma ni pale nilipopunguziwa.

Mimi nauza viatu vya mitumba hapa Mbeya, naishi mtaa wa Soweto na baba yangu. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari amempangia upasuaji, jicho moja kwanza, na mzee akakubali kwa sharti moja: kabla hajaguswa, akamwone tandala. Ujana wake aliupitisha Madibira, enzi ambazo majaruba ya mpunga hayajafika na upande ule ni pori, akirina asali. Anasema mnyama pekee aliyekuwa akimsimamisha njiani kwa uzuri ni tandala dume, na zile pembe zilizojisokota. "Daktari naye ni binadamu, mama," aliniambia. "Likiharibika, niwe nimeshaaga." Sikuwa na la kubisha, na kubisha ndiko kunakonilisha.

Macho ya namna hii yana masharti yake. Jua likiwa chini, asubuhi na jioni, baba anaona vya kutosha kunikagulia noti. Jua likipanda, anasema dunia yote inamwagiwa maziwa. Nimemsikia akilisema hilo mara nyingi kuliko nilivyosikia watu wakiniomba nipunguze.

Basi liliondoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi. Baba alikaa dirishani akinitajia vituo kabla kondakta hajavitaja: Chimala, Igawa, Makambako, ambako baridi iliingia kabla ya wauza karanga. Mafinga alinunua mahindi ya kuchemsha bila kuuliza bei. Nililiacha lipite.

Iringa tulifika saa nane mchana. Tulifikia Kihesa kwa shangazi yangu, mdogo wake baba, mwanakwaya wa Kilutheri ambaye hata salamu anaitoa kwa sauti ya pili. Alimgeuza kaka yake huku na huku mlangoni kama nguo anayotaka kuinunua. "Kaka, umekonda. Huyu mtoto anakulisha viatu?" Tukala ugali na mboga za majani, tukacheka, na kabla jua halijalala tukapanda bajaji kwenda Isimila, kwa bei ambayo dereva aliniomba nisiwatajie wenzake.

Isimila ni korongo kavu. Unashuka ngazi, ukifika chini unatembea juu ya mchanga laini, na pande zote zimesimama nguzo za udongo mgumu, ndefu kama minara, mvua na upepo vimezichonga viuno. Mama aliyetuongoza alituonyesha mashoka ya mawe ya watu wa kale sana. Baba akauliza waliyafungia wapi mpini. Alipojibiwa kwamba hayakuwa na mpini, yalishikwa mkononi hivihivi, akaonekana kuwahurumia. Jua lilikuwa limeinama, vivuli vya nguzo vimelala mchangani, na mzee alitembea mbele yetu bila kushikwa mkono. Ghafla akasimama.

"Pimbi," akasema. "Wawili. Yule wa juu ana mtoto."

Mimi sikuona kitu. Yule mama alikodoa macho, akawaona, akamgeukia. "Babu, mbona macho unayo?"

"Ya jioni," baba akajibu.

Nilipaswa kuishia hapo, nilale nikiwa na akili. Lakini usiku nilikaa na simu kutafuta gari la kutupeleka hifadhini Ruaha. Dereva wa kwanza, mtu mzima kwa sauti, alitaka laki tatu na nusu, kuondoka saa kumi alfajiri. Wa pili alikubali laki tatu, ila ana mkataba wa kupeleka wanafunzi shule, kwa hiyo tuondoke saa mbili na nusu, akishawashusha. Nikampigia tena yule wa kwanza, nikamwambia mwenzake kashuka. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Dada, hiyo elfu hamsini ndiyo alfajiri yenyewe."

Nikamwona mjanja. Nikamchukua wa pili. Baba aliniuliza tu tunaondoka saa ngapi. Nilipomwambia, alisema sawa, mama, akaenda kulala. Alfajiri nilimsikia ameamka. Alikaa barazani na kofia yake kichwani, amevaa tayari, akitazama kunavyopambazuka.

Barabara ya kwenda huko, baada ya Kalenga, ni vumbi na joto linaloongezeka kadiri unavyoteremka. Dereva alikuwa kijana mchangamfu wa Kihehe, alimwamkia mzee "kamwene" akajibiwa vizuri. Getini tulifika karibu saa sita. Tulipoufikia mto, maji machache katikati ya mchanga mpana, jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu na mchanga unawaka kama bati jipya.

Wanyama hatukukosa. Dereva alituonyesha twiga watatu, swala wamejibana vivulini, tembo ng'ambo ya mto. Kila alipoonyesha, baba aliitikia kwa kichwa na kusema ahaa. Twiga walikuwa kulia. Baba alikuwa anatazama kushoto.

Tandala hakuwepo. Dereva alisema kwa upole kwamba hao hunywa maji mapema, kisha huingia vichakani. Tulizunguka mpaka saa saba na ushee, baba anafuta machozi ya mwanga kwa leso. Kijana akasema tukitaka kufika mjini mapema tugeuze. Ndipo nikasikia mdomo wangu.

"Baba. Tandala."

Dereva alinitazama kwenye kioo. Akazima gari.

"Dume?"

"Dume."

"Yuko wapi?"

"Hapo mbele, mchangani. Anatuangalia."

Baba alivua kofia. Alitazama mbele kwa muda mrefu, kwenye ule weupe. Kisha akavaa kofia, akasema, "Haya, twende, tusimsumbue."

Iringa nilimlipa kijana laki tatu zake. Alizihesabu, nami nikazihesabu tena. "Dada," akasema, "ya tandala sijakuchaji." Alisema bila ubaya, kisha akawasha gari akaondoka.

Tulirudi Mbeya kesho yake. Jioni majirani walikuja kumpa pole ya safari, na baba akawasimulia. Aliwaambia juu ya mashoka yasiyo na mpini, juu ya pimbi, mwisho akafika kwa tandala. Nilikuwa napanga viatu mlangoni, nikasikia kila neno. Dume, alisema, amesimama kwenye kivuli cha mgunga, nusu ya mwili ndani ya kichaka, masikio tu yanacheza.

Mimi nilimweka juani, mchangani, saa saba mchana, mahali ambapo tandala yeyote mwenye akili asingesimama. Mzee wangu, mrina asali wa Madibira, kamhamishia kivulini ili aaminike.

Wageni walipoondoka nikamwambia: baba, jicho likipona tunarudi, safari hii tunaondoka saa kumi alfajiri, na gari nimlipe mtu bei anayoitaja. Alicheka. "Kufanya nini? Nimeshaona. Hiyo hela weka kwenye mzigo wako." Nimejaribu mara tatu tangu siku hiyo. Mimi ambaye nimeuza kiatu cha kushoto kwa mtu aliyekuja kutafuta begi, nashindwa kumuuzia baba yangu safari ya bure, kwa sababu tandala wangu wa uongo keshachukua nafasi.

Upasuaji ni wiki ijayo. Kwa hiyo nauliza, hasa ninyi mlio na wazazi wakimya. Nikiungama, namvua nguo yeye pia, kwa sababu majirani wote wameshaipokea hadithi yake. Nikinyamaza, ataingia chumba cha daktari bila kumuaga tandala, na anajua hivyo, na anaona nami najua. Nimwambieje, na nimwambie kabla jicho halijafungwa bandeji, au nisubiri lifunguliwe?