Mbunge wa Madam

Madam wangu wa Riyadh alikuwa anasomea shahada ya pili, na mwaka ule nyumba nzima ilipelekwa puta na mwanasiasa mmoja wa Marekani aliyekufa karne ya kumi na tisa. Madam alitakiwa kumwelezea mbele ya darasa kwa Kiingereza. Baba, yaani mumewe, hakuwa na muda wa kumsikiliza akifanya mazoezi, basi msikilizaji nikawa mimi. Mimi napiga pasi kanzu za baba, yeye kasimama karibu na friji anahutubia. Nikiinua macho tu ananiuliza amekosea wapi, na mimi masikini nilikuwa natafuta maji ya kunyunyizia.

Haki ya nani, mzee yule nilimjua kuliko mbunge wetu wa nyumbani. Baba yake alikuwa rais, naye akawa rais, halafu akaangushwa kwenye uchaguzi. Kwetu mtu wa hivyo angerudi shambani kwake, afuge ng'ombe na kununa mpaka kufa. Yeye wapi! Aligombea ubunge, akarudi kukaa na wabunge wa kawaida, akazeeka humo akiwasilisha maombi ya watu waliotaka utumwa ukomeshwe. Wenzake wakapitisha kanuni kwamba maombi ya aina hiyo yasisomwe kabisa. Akaendelea kusimama nayo, wakimpigia kelele anasimama, mpaka baada ya miaka kanuni ikafutwa. Mwishowe alianguka palepale bungeni, akafia ndani ya jengo hilohilo.

Madam akifika kwenye maombi yale yasiyosomwa, sauti ilikuwa inamkauka na macho yanamjaa. Hakuwa anaigiza. Nilimpenda kwa ajili hiyo, sidanganyi, nikasema moyoni huyu ana huruma.

Wakati huo mama yangu alikuwa anaumwa figo nyumbani Kenya. Dada yangu aliniambia bila kuzunguka kwamba daktari amewaruhusu wamtoe hospitali, na hakumaanisha amepona. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nimkute hai. Tiketi haikuwa shida. Shida ilikuwa khuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini, ambayo kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, anaibonyeza kwenye simu amekaa hapo sofani, kama anavyoagiza kuku. Kafili wangu alikuwa baba. Nilimwomba madam, akasema bukra, yaani kesho. Bukra ilipofika akasema tungoje amalize mambo ya chuo. Nikamfuata baba akivaa viatu, akaniambia nimuulize madam.

Sasa, sisi kwetu tunajua kumwomba mkubwa. Humfuati ofisini, kwa sababu ofisini atakwambia njoo kesho. Unamvizia kwenye matanga au harambee, watu wamejaa, amekaa kiti cha mbele, ndipo unasimama: mheshimiwa, mtoto wangu hana karo. Mbele ya umati atakataaje? Dada yangu alisoma hivyo. Mama ndiye aliyesimama kwenye matanga ya watu akamwomba mbunge, mimi nimejificha nyuma ya hema nikitamani ardhi inimeze. Na karo ililipwa.

Madam alipofaulu aliita wageni, wanawake watupu, ndugu zake na mwalimu wake wa chuo. Nilikuwa napitisha gahawa. Wakamwomba awaonjeshe hotuba yake, akawahutubia, akafika kwenye yale maombi, sauti ikamkauka kama kawaida, wakampigia makofi. Niliweka birika chini. Nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwa adabu zote, "Madam, mama yangu anakufa. Naomba mbele ya wageni wako uniruhusu nikamwone."

Madam alitabasamu. Akasema inshallah, kwa nini asiniruhusu, mimi ni kama binti yao. Mwalimu wake akanishika mkono akamwombea mama yangu dua. Jamani, niliingia jikoni nikacheza peke yangu. Nikampigia dada, nikamwambia amwambie mama nakuja.

Wageni walipoondoka madam alinifuata jikoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia nimemvua nguo mbele ya watu wake, sasa mwalimu atamwona mtu anayemfungia ndani mwenye mgonjwa. Nikamuuliza si ameshakubali? Akajibu kwamba alikubali kwa sababu ya wageni, na wageni wameondoka. Halas, yamekwisha. Kwetu aibu ya mkubwa inafungua mkono wake. Kumbe kwao ukimwaibisha mtu nyumbani kwake, hata alichokuwa karibu kukupa anakirudisha mfukoni. Labda angenipa, labda asingenipa. Nimechoka kujiuliza.

Baba akanipeleka Jeddah, kwa mama yake madam, bibi mgonjwa aliyekataa katakata kuhama nyumba yake ya zamani kule Hindawiya. Wakenya wa mtaa ule walinishauri nitoroke. Nitoroke niende wapi? Ukiripotiwa umetoroka, ndege huioni, unaishia kujificha Manfuha, ule mtaa wa watoro kule Riyadh, ukiogopa kila mlango unaogongwa. Nikabaki. Nikamlisha mama wa madam uji, nikamwogesha, nikamkata kucha. Nilimchukia bure, bibi wa watu hakunikosea lolote.

Dada alipiga simu mchana, nikiwa naanua nguo. Mama amefariki. Dada alisema mama alipoambiwa nakuja alikataa kulala kitandani. Kila asubuhi alitaka avalishwe gauni la kanisani, aketishwe kwenye kiti mlangoni aangalie barabara, na kila gari likipunguza mwendo anaomba ashikwe asimame. Amefia kwenye kiti hicho. Dada hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku ya pili madam alipiga kutoka Riyadh. Akanipa pole, akamwombea marehemu kwa maneno mazuri kabisa. Nilidhani atataja khuruji, niwahi angalau maziko. Akasema, "Sasa huna haraka tena. Maliza mkataba wako."

Nikasema ndiyo, madam. Mama yake alikuwa ananiita chumbani, anataka kugeuzwa ubavu. Nikaenda nikamgeuza.