Wageni Wanaojua Zaidi ya Ma Alistidia

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu wa ziwa bado umelala juu ya uwanja wa maonyesho wa Bukoba. Ma Alistidia Rugaibula amepiga magoti ndani ya nyumba ya msonge, anatandika nyasi. Ameanzia huko ndani kabisa, anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, maana ukianzia mlangoni utaikanyaga kazi yako mwenyewe.

Ni siku ya tatu ya Saba Saba ya mwaka huu, 1973. Nje wenzake wanapiga deki mabanda ya pamba na ya ng'ombe wa maziwa. Yeye banda lake ni hii nyumba, ya duara, ya nyasi kutoka juu mpaka chini, kama zile walizokaa babu zetu kabla mabati hayajaingia. Kazi yake ni kuitunza na kuwaeleza wageni. Siku moja ya maonyesho wanapita watu mia tatu, mia nne.

"Leo sina raha," anasema, huku anapiga nyasi kwa kiganja zilale. "Leo napimwa kama kahawa inayopelekwa chama cha ushirika. Wataniuma wasikie kama nimekauka."

Anayepima ni Ndugu Mushumbusi, katibu wa kamati ya maonyesho. Mwaka jana mgeni mmoja aliandika barua kwamba huyu mama anawadanganya wananchi. Kamati ikakaa. Ikaamua hivi: leo katibu atasimama humo ndani asikilize kwa masikio yake. Mama akishindwa kujibu, kuanzia mwakani atabaki kufagia na kutandika, na maelezo atasoma mwanafunzi wa sekondari kwenye kipaza sauti.

Mshahara ungebaki ule ule, shilingi mia moja na arobaini kwa mwezi. Kwa hiyo hapa shida si mshahara.

"Kufagia nafagia hata kwangu," anasema. "Lakini hii nyumba nani aisemee? Mtoto wa watu aisome kwenye karatasi, na mimi niliyebeba mianzi yake kichwani nimeshika ufagio namsikiliza?"

Hiyo mianzi aliibeba kweli. Kwao ni Rubafu, na baba yake, marehemu Rugaibula, alikuwa fundi wa misonge. Binti alikuwa anakata kamba za migomba, anaziloweka, anampa baba juu. Akaolewa Kishanda, huko Muleba, akazaa wanne, mume akafariki, akabaki na kibanja chake cha migomba na kahawa. Shule hakwenda. Kusoma amejifunza juzijuzi kwenye elimu ya watu wazima, miezi minane, na sasa anaandika jina lake lote bila kuinua kalamu.

Kazi hii aliipata kwa kupita njia. Mwaka 1968 kamati ilitaka nyumba ya zamani uwanjani, ikakusanya vijana, vijana wakaanza kuchimbia nguzo. Ma Alistidia alikuwa amekuja mjini kumwona dada yake hospitali. Akapita hapo, akasimama, akawaangalia kwa muda. Kisha akawauliza, "Nyie wanangu, mnajenga zizi?"

Wakamwambia wanajenga msonge.

"Msonge unaanzia juu," akawaambia. "Kwanza mnasuka kile kichwa chake hapa chini, kama kikapu kilichofunikwa. Mnakiinua, halafu ndiyo mnateremka nacho. Baba yangu angewaona angelia."

Wakacheka, lakini nguzo wakazing'oa. Akabeba mianzi pamoja nao, na nyumba ilipokwisha, kamati ikamwomba abaki nayo.

Sasa tuje kwenye wageni, maana ndio kazi yenyewe. Wengi hawana taabu. Wanainama mlangoni, wanapokea kahawa ya kutafuna, ile tunayoita akamwani, iliyochemshwa na majani yake ya kunukia ikakaushwa. Wanatafuna, wanasikiliza, wanauliza bei ya mkeka ambao hauuzwi, wanakwenda zao kutazama ng'ombe.

Wapo lakini wale wanaokuja wakiwa wanajua tayari. Ma Alistidia anawatambua mlangoni.

"Haangalii nyumba," anasema. "Ananiangalia mimi. Anangoja niteleze."

Kuna aliyemuuliza jina la nguzo ya katikati mara tatu, na kila akijibiwa anageuka kwa mke wake: "Umesikia? Nilikwambia." Kuna wazee wa Rubafu waliokuja na kamba wakapima mlango, wakatoka wakigombana wao kwa wao mpaka kwenye banda la pamba. Kuna mwanafunzi aliyempa hesabu ya pete za mwanzi zinazoizunguka nyumba, akakosea kwa pete nne. Mama akamwachia hesabu yake, kwa sababu kijana alikuwa na mchumba pembeni.

"Ningemwambia amekosea, ningepata faida gani?" anauliza. "Yeye angepoteza mchumba."

Miaka mitano imempa taratibu zake. Mgeni akitaka kueleza nguzo, anamwachia aeleze, nguzo haziibwi. Hambishii mtu mbele ya watoto wake. Na kahawa anaitoa kwanza, kabla ya neno lolote. Ni desturi ya nyumba yoyote ya Kihaya, lakini mwenyewe anakiri ina msaada wa pili: mwenye kahawa mdomoni hasemi sana.

Na wageni nao, angependa wafanye nini?

"Mtoto akiniuliza, usimjibu wewe. Ameniuliza mimi. Na usiniulize kitu ambacho jibu umelifumba mkononi, hilo si swali, ni mtego wa panya. Nikikosea, njoo pale nyuma kwenye mtungi wa maji, uniambie polepole. Nitakushukuru. Nitakupa na maji."

Mwaka jana mgeni hakwenda kwenye mtungi. Alikuwa Bwana Ndyamukama, mtu wa Kishanda hukohuko alikoolewa mama huyu. Amesoma, anafanya kazi Mwanza, huja nyumbani likizo. Mama alikuwa anawaeleza watu kwamba Wahaya walitafuna kahawa toka zamani, kabla ya mapadri. Bwana huyo akasema kwa sauti, mbele ya watu kama sitini: "Mama, acha kudanganya wananchi. Kahawa ililetwa na mapadri. Tarehe ninazo." Mama akainama, akaanza kuokota maganda ya kahawa chini. Wiki mbili baadaye ikaja ile barua.

Saa nne kasoro, Ndugu Mushumbusi anaingia na daftari. Ni mtu mpole, si wa kumtafutia mtu ubaya. Anapokea kahawa yake, anasimama upande wa kushoto.

"Ma Alistidia, wewe fanya kama sipo."

"Nitawezaje, Ndugu Katibu, na umesimama mahali pa mbuzi?"

Watu wanacheka. Katibu anasogea.

Kundi la nne la asubuhi hiyo lina watu thelathini hivi, na mbele yao, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati, ni Ndyamukama. Amewaleta wageni wake watatu kutoka Mwanza. Anainama mlangoni, anainuka, anamwona mama, anamwona na katibu.

"Ma Alistidia! Bado upo?"

"Nipo, waitu, bwana wangu. Karibu, karibuni wote. Kabla ya maneno, kahawa."

Kikapu kidogo kinapita. Kila mtu anachukua yake, anatia mdomoni. Ndyamukama anachukua, lakini yake anabaki nayo mkononi, maana ana la kusema.

"Jamani wageni wangu, hii nguzo ya katikati ndiyo ya mwenye nyumba."

"Ni kweli," anasema Ma Alistidia.

"Na wanawake walikaa upande ule."

"Ni kweli."

"Na moto ulikaa hapa, haukuzimwa."

"Ni kweli, baba. Endelea."

Katibu anaandika. Mlangoni amekaa Ta Rutashobya, mzee wa Rubafu anayekuja kila siku ya maonyesho kwa ajili ya kahawa tu. Anamnong'oneza jirani yake, lakini sikio lake ni zito, kwa hiyo kila mtu anasikia: "Anayelipwa hapa ni nani? Mama yule au huyu bwana?"

Ndyamukama amepamba moto. Anainua ile punje ya kahawa.

"Sasa hapa mtajifunza kitu. Hii babu zetu hawakuitafuna kwa utamu tu. Walikula nayo omukago, yaani undugu wa damu. Ganda moja lina mbegu mbili, mnaona? Zinapakwa tone la damu, mmoja anakula hii, mwenzake hii. Wakishakula wamekuwa ndugu mpaka kaburini. Hawezi kumsema vibaya mwenzake mbele za watu, hawezi kumshtaki. Enzi hizo hata mzungu mmoja hajaonekana katika nchi hii!"

Anapasua ganda kwa meno, zinatoka mbegu mbili. Moja anaishika yeye. Anatafuta wa kumpa nyingine. Wageni wake midomo imejaa. Basi anamnyooshea mama. "Shika, mama, tuwaonyeshe."

"Usishike!" anapiga kelele Ta Rutashobya. "Hiyo haichezewi! Na huyo ni mwanamke!"

Ma Alistidia anaitazama ile mbegu kwenye kiganja cha bwana. Anafuta mikono kwenye khanga, anapiga goti kidogo, anaipokea kwa mikono miwili.

"Bibi yangu alikula na jirani yake, Ta," anasema. "Wakazikana."

Anatia mdomoni, anatafuna. "Na wewe yako, waitu."

Watu thelathini wanamwangalia Ndyamukama. Hana pa kuipeleka. Anatafuna.

"Sasa nikuulize, maana umesoma," anasema mama, taratibu, kama anayeulizia njia. "Babu zetu walipokula hii, mzungu hajaonekana, umesema mwenyewe. Kahawa waliitoa wapi?"

Ndyamukama anatafuna. Akamwani si pipi, haimezwi haraka. Mgeni mmoja wa Mwanza anaanza kutikisika mabega. Kisha mwingine. Ta Rutashobya anapiga fimbo chini: "Mama wee! Jibu sasa! Tarehe ziko wapi?"

Na kicheko kinapasuka nyumba nzima.

Hapo ndipo Ma Alistidia anapofanya jambo ambalo hawakulitegemea. Anainua mkono.

"Msimcheke," anasema. "Nimekula naye, mmeona wote. Msimcheke ndani ya nyumba yangu." Anageuka kwa Ndyamukama. "Mapadri walileta kahawa kweli, ila ni ile nyingine, Arabika. Hii ya kutafuna waliikuta. Ile waliyoleta wewe ndiye unajua tarehe zake, mimi sizijui. Waambie watu."

Bwana anameza. Anapangusa mdomo kwa leso. Kisha anaeleza Arabika kwa dakika tano, na anaieleza vizuri, hata Ta Rutashobya anasogea karibu atege sikio.

Kundi linapotoka, katibu anambakiza Ndyamukama karibu na mtungi.

"Ndugu, ile barua yako bado ipo ofisini. Kamati inataka kujua kama unasimama nayo."

Ndyamukama anaangalia viatu vyake. "Katibu, unaniuliza habari za mtu niliyekula naye."

"Ilikuwa mchezo tu. Hata damu hamkutoa."

"Mwambie hivyo yule mzee pale mlangoni," anasema Ndyamukama. "Nikifika Kishanda kesho, habari itakuwa imenitangulia. Nikiulizwa kwa nini nimemshtaki, nitasema damu ilikosekana? Ichane hiyo barua."

Baadaye, alipoulizwa kama aliipokea ile mbegu ili kumnasa mtu, Ma Alistidia alikataa.

"Kumnasa? Kwani mimi sikutafuna? Nilikuwa na neno kali hapa kooni mwaka mzima. Nilikuwa nalilisha kama ng'ombe. Nilipotafuna nikajua silisemi tena, nimejifunga. Nikaona ni afadhali."

Katibu ameandika sentensi moja tu kwenye daftari lake: maelezo yaendelee kutolewa na Ma Alistidia Rugaibula. Akampa asome. Alisoma polepole na kidole, na alipofika kwenye jina lake akalirudia.

Kipaza sauti kimepelekwa kwenye banda la ng'ombe.

Kwa mwakani ana mipango. Anataka kamati imletee mizigo sita ya mianzi, ili watoto wa shule wasuke kichwa cha msonge pale nje, waone kwamba nyumba inaanzia juu. Na ameomba kiti kimoja kidogo cha miguu mitatu.

Kiti tayari amekipata. Jioni hii kiko nyuma ya nyumba, karibu na mtungi, na kimekaliwa. Ndyamukama ameahirisha safari ya Kishanda siku moja, amekaa na kata ya maji mkononi. Anangoja kundi la mwisho liondoke.

Mama anakwenda, anainama, bwana anamwambia kitu sikioni. Anatikisa kichwa kukubali, anarudi akitabasamu.

"Nimekosea mara mbili leo," anasema. "Mwaka wa reli, na jina la chifu mmoja. Kesho nitasema sawasawa."

Anachukua ufagio wake, anaanza kukusanya maganda ya kahawa yaliyobaki juu ya nyasi.