Spika Mbili Katika Bafle Moja

Rafiki yangu, mwezi uliopita nilirudi mtaani kwetu Kamalondo kumzika baba, na wewe sitakuficha: sikuhisi kitu. Nilishuka kwenye teksi, shangazi zangu wakanipokea kwa vilio, mimi nikawauliza kama kuna mtu aliyekwenda kununua makala, yaani mkaa, ya kupikia wageni. Walinitazama vibaya, na walikuwa na haki. Nilipoingia chumbani kwa baba kutafuta mashuka, nikaliona nyuma ya mlango lile kasha la mbao la spika za gita, tunaloliita bafle, limebebeshwa ndoo na mabeseni. Hapo nikakumbuka kwamba kulikuwa na neno moja nililopaswa kumwambia baba akiwa hai, nami nikalikalia miaka tisa.

Utotoni mwangu ua wetu ulikuwa na wapiga gita wawili, baba na mdogo wake. Baba alishika mapigo, baba mdogo alipiga zile nyuzi za juu zinazofanya mtu asahau alichotumwa. Jumapili, misa ikiisha, walikaa kwenye viti vya mbao wakaanza, na jirani yetu fundi cherehani alisimamisha mashine yake ili asikie vizuri. Mimi kazi yangu ilikuwa kutwanga sombe. Nilitwanga kwa kufuata gita lao, na nakuambia bila haya kwamba katika barabara yetu nzima hakukuwa na majani ya muhogo yaliyolainika kama yangu. Wakipiga polepole, tulichelewa kula.

Walipiga kwa ampli moja ya kukuza sauti na bafle moja lenye spika mbili. Kisha panya wakaitafuna spika mojawapo, wiki ileile shangazi yetu wa mwisho alipokuwa anaolewa. Ilibaki moja kubwa, ya wati sitini, na ampli ya baba ilikuwa ya wati themanini. Baba mdogo alikuwa na spika yake ndogo, ya wati ishirini na tano, aliyoirithi kutoka kwenye radio ya marehemu baba yao, mfanyakazi wa reli. Sauti yake ilikuwa tamu, nyembamba kidogo, kama mtu anayeimba huku akitabasamu. Kila usiku aliifunika kwa kitambaa.

Baba alipiga hesabu mbele yetu sote. Sitini na ishirini na tano ni themanini na tano, ampli ni themanini, basi zinatosha na chenji inabaki. Baba mdogo aliigeuza spika yake mikononi, akasoma maandishi ya mgongoni, akasoma na ya ile kubwa.

"Hii iko ya muzee, yaya," alisema. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. "Tuiache tu."

"Weka! Ya mukubwa itasaidia ya mudogo. Tuko bandugu ao hatuko bandugu?"

Na nkambo, mama yao, aliyekuwa anachuja kinywaji cha munkoyo cha arusi, akamalizia bila kuinua kichwa: "Bantu bawili bakibeba muzigo moja, mukubwa anashika upande ya buzito. Ni vile tuliwalea."

Ndivyo kwetu mambo yalivyokwenda. Mwenye mabega mapana alibeba gunia, mdogo akashika pembe tu ili asione haya. Hakuna aliyesema kwamba umeme haukulelewa na nkambo. Baba mdogo alichukua bisibisi, akaikaza spika yake pembeni ya ile ya kaka yake.

Arusi ilikuwa mchana wa Jumamosi, uani kwetu. Saa nzima ya kwanza, sikuwa nimewahi kusikia kitu kizuri kama kile, na tangu hapo sijasikia. Ile kubwa ilitoa kifua, ile ndogo ikatoa koo. Nkambo alicheza na chujio mkononi. Kisha wakwe wakafika, baba akaongeza sauti ili kuwapokea kwa heshima, na baba mdogo alipopanda kwenye zile nyuzi zake za juu, sauti ikakwaruza, ikakatika. Harufu ya kitu kilichoungua ikapita juu ya harufu ya samaki na bukari, ugali wetu.

Wakwe walikuwa wamesimama, wanangoja. Baba aliona aibu, na mtu mwenye aibu hutupa neno lililo karibu. Akasema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Ni ile yako. Haiko na nguvu."

Watu wakacheka. Baba mdogo naye akacheka, kidogo. Wakamaliza arusi kwa spika moja. Wiki iliyofuata baba mdogo alisema anakwenda mbali, Mitwaba, kulima, msimu mmoja tu, na gita lake akamwachia mtoto wa fundi cherehani. Msimu ule haukuisha. Nkambo alimngoja mpaka akafa, na kwenye mazishi yake ndugu wale wawili walisimama pande mbili za kaburi.

Baba hakutuma salamu hata mara moja. Lakini kila aliyetoka Mitwaba alikaribishwa kwetu, akapewa kiti kizuri, na baba akamuuliza kama mahindi ya kule yameota. Baba, aliyezaliwa mjini na kununua unga dukani maisha yake yote! Tulijua anauliza nini. Hakuna aliyemsaidia kuuliza.

Mimi nilisomea umeme. Siku moja mwalimu alichora ubaoni spika mbili katika kasha moja, akaeleza: kama upinzani wa zote mbili kwa umeme ni sawa, kila moja inapata nusu. Kubwa haibebi ya ndogo. Ampli ikitoa themanini, kila moja inapewa arobaini, na ile ya ishirini na tano itaungua, hata ingekuwa mpya. Niliandika kwenye daftari. Nilijua palepale kwamba spika ya baba mdogo haikuwa nyonge, na kwamba baba angelijua hilo angepata njia ya kutuma neno Mitwaba bila kujishusha. Niliporudi nyumbani nilimkuta anakula, nikasema nitamwambia akimaliza. Alipomaliza nikaona si vizuri mtoto kumsahihisha baba yake. Basi miaka tisa ikapita hivyo.

Baba mdogo alifika siku ya pili ya kilio, nyuma ya lori la mahindi, mwembamba, mweupe kichwani. Nilimpelekea beseni la maji ya kunawa, na kabla hajakausha mikono nikamwambia.

"Baba mudogo, siku ile ya arusi, spika yako haikukuwa mubaya. Umeme inagawanyikaka sawasawa. Haiangaliake mukubwa na mudogo."

"Nilijuaka, mama," alisema, kama alivyoniita tangu nikiwa binti mdogo.

"Ulijua lini?"

"Mbele ya kukaza vis, bisibisi ikiwa mu mukono. Nilisoma mu mugongo. Zote zilikuwa na upinzani moja, omu nane. Nilijua itaungua."

"Na haukusema?"

"Niseme nini? Mama yetu alishasema. Na yaya alishanifungulia nafasi pembeni yake." Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. "Kuungua, hiyo haikuniuma. Nilikuwa nangojea tu anitumie salamu."

Nilimwambia kuhusu mahindi. Kwamba baba aliyaulizia kila mwaka, mvua na kiangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie, nikarudia.

Uani wageni walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa, bila gita. Vijana wa siku hizi wanaleta vyombo vyao na vinapiga kwa nguvu kuliko vyetu, sina la kusema. Lakini ile saa moja ya Jumamosi, sauti ya ndugu wawili ikitoka mahali pamoja, sasa imebaki kwetu sisi wawili, na tulikuwa tumekaa pale tukitazama beseni. Wote wawili tulijua kwamba ile spika ndogo haikuwa nyonge. Aliyekuwa hajui ni baba peke yake, na tulikuwa tumemzika jana yake.